Swali la Tano

Vijitabu arobaini na kimoja mezani,
umeme umekwenda, mji wa Bungoma unanguruma jenereta.
Nasahihisha kwa taa ya simu
na wino mwekundu uliobaki robo.

Swali la kwanza wengi wamelipata.
Kaunti ni ngapi? Arobaini na saba.
Chekechea, wameandika vizuri, ni ya kaunti,
shule ya upili ni ya taifa,
kana kwamba mtoto akivuka uzio
hubadilishiwa bendera.

La pili: Taja kazi tatu za mwakilishi wadi.
Mwongozo wangu unasema
kutunga sheria, kuwakilisha, kusimamia.
Wepukhulu ameandika:
moja, kuhudhuria matanga;
mbili, kuchangia matanga;
tatu, kuzungumza matangani kabla ya mchungaji.
Nimecheka mpaka paka akaamka.
Kisha kalamu ikasita juu ya sifuri,
maana wiki jana tulimzika shangazi kule Misikhu
na aliyezungumza kabla ya mchungaji
nilimwona kwa macho yangu haya.
Nimempa nusu.
Nusu ni alama ya mwoga.

La tatu limewatoa jasho.
Barabara ikiingia mashimo, nani wa kuyaziba?
"Inategemea," amejibu Nabangi.
"Ile kubwa, ya malori ya Malaba, ni ya taifa.
Ile ya kuingia kwetu Sang'alo ni ya kaunti.
Pale zinapokutana pana shimo
lisilo na serikali.
Mguu wa shemeji ulivunjikia hapo."
Tano kwa tano.
Sijui kasoma kitabu gani.

La nne naliruka. Nililitunga vibaya.

La tano: Eleza maana ya ushiriki wa umma, kwa mfano.
Maana wameieleza kama nilivyoisoma darasani,
neno kwa neno,
hata ile koma niliyoikosea.
Isipokuwa Everlyne Namarome, wa kiti cha nyuma,
anayeuza nyanya Chwele siku za soko
na stakabadhi za ushuru huzitia daftarini
kuwekea ukurasa aliofikia.
Yeye ameandika:

"Mwalimu, nilikwenda.
Kikao cha bajeti, ukumbi wa wadi, saa tatu.
Nilifunga kibanda changu.
Mlango ulikuwa na kufuli.
Tangazo lilibandikwa kesho yake
likisema tulihudhuria watu mia moja na kumi.
Kwa hiyo mfano ninao.
Maana ndiyo sijaipata."

Nimeutazama mwongozo.
Nimeugeuza. Nyuma ni mweupe.
Miaka kumi na minne nafundisha ushiriki,
na sijawahi kushiriki
hata kikao cha kuchagua rangi ya choo cha soko.
Nafasi ya alama nimeiacha wazi.

Asubuhi, vijitabu vimo kwenye mfuko wa unga,
nikapita ofisi ya wadi.
Iko wazi. Nilitamani, Mungu anisamehe, iwe na kufuli,
nipate wa kumlaumu.
Kijana mpole akanisukumia karatasi:
jina, kitambulisho, kijiji, maoni.
Jina nikaandika.
Kitambulisho nakijua kwa kichwa.
Kijiji, nikaandika.
Penye maoni palikuwa na mistari mitatu mitupu,
na saa ya ukutani ikaanza kugonga
kama ya chumba cha mtihani.

Kijana akainua uso.
"Muda bado upo, mama."

Nikatafuna kifuniko cha kalamu,
nikachungulia karatasi ya jirani,
haikuwa na kitu,
nikaanza na lile shimo.